Wale mliokimbia timu ya shule: rafiki anaweza kukuachia ushindi makusudi?

#1 Mtoto wa Masaba (Kapchorwa)
Habari zenu wakuu. Mimi nasema hivi, anayepinga apinge: kwenye timu ya mbio ya shule hakuna anayekutesa kama rafiki yako, na hakuna anayekujenga kama huyo huyo. Wale wa shule nyingine unawaona mara moja kwa muhula, mnakimbia dakika kumi na kitu, mnaachana. Lakini yule mnayelala deka moja, yeye juu wewe chini, anajua umeamka na mafua, anajua barua ya nyumbani imesema nini, anajua ukianza kuchoka bega la kushoto linapanda.

Sasa kisa chenyewe. Tulikuwa S.3 (mwaka wa tatu wa sekondari) boding huku Sebei, mimi na mwenzangu nitamwita K. Mazoezi alfajiri kabla ya uji, barabara ya kupanda tu, baridi ya mlimani mnaijua. K alinishinda mazoezini karibu kila siku, sio kwa mbali, hatua tano kumi hivi, lakini alinishinda. Ukafika mchujo wa wilaya, mita 5000, mshindi ndiye anaingia kempu ya kwenda taifa, na hedimasta alishatangaza paredi kwamba atakayefika huko atasoma S.4 bila kulipa karo. Sisi wote wawili karo ilikuwa shida, na kwao K ilikuwa shida zaidi.

K akaongoza toka mwanzo mwanzo. Kona ya mwisho akageuka akaniangalia, halafu nikaona mabega yameshuka, nikampita. Basari, yaani hiyo nafasi ya kusoma bila karo, nikapata mimi. Yeye muhula uliofuata hakurudi, tulisikia yuko shamba la viazi kwa baba yake, baadaye akaingia jeshi. Ni rafiki yangu mpaka leo, alisimama kwenye harusi yangu, na kila nikimuuliza ile siku ilikuwaje anacheka anabadilisha maneno.

Sababu ya kuleta hapa ni kwamba mtoto wangu na mtoto wake sasa wako shule moja, timu moja, na toka mchujo wa muhula huu hawasalimiani. Nataka kukaa na wa kwangu lakini nimwambie nini, kama mimi mwenyewe sijui baba yake yule alinifanyia nini?

#2 Bwana Kijiti (Lira)
Naweka kiti hapa. Huu uzi utakuwa mrefu.

#3 Rwenzori87 (Kasese)
Mzee pole lakini jibu liko kwenye maneno yako mwenyewe. Ameongoza toka mwanzo. Mita 5000 ukiongoza peke yako, nyuma yako kuna mtu amejificha kwenye mgongo wako anakula kivuli, wewe ndio unakata upepo, kona ya mwisho lazima ufe. Hakukuachia, alikata pumzi. Kugeuka nyuma ndio dalili yenyewe, mtu mwenye nguvu hageuki, anageuka yule anayesikia viatu vinakuja na hana la kufanya. Wavulana wa S.3 hawana huruma ya namna hiyo jamani, na hasa kama kuna karo.

#4 Ng'ambo ya Suam
Salamu kutoka upande wa Kenya. Rwenzori87 uko sawa nusu. Huku kwetu pia tunasema ukigeuka umekwisha. Lakini kuna kugeuka kwa kuogopa na kuna kugeuka kwa kutafuta mtu. Mimi nimekimbia na kaka yangu timu moja, nilikuwa nageuka kuangalia kama bado yuko, nikiona yuko napata nguvu. Sasa Mtoto wa Masaba, alivyogeuka uso ulikuwaje?

#5 Mtoto wa Masaba
Uso ulikuwa wa kawaida. Ndio kinachonisumbua. Hakuwa anahema kama mtu aliyekwisha.

#6 Gemu Ticha Mstaafu (Mbale)
Nimefundisha michezo shule za sekondari miaka mingi, Bugisu na Sebei, naomba niongee kidogo.

Kwanza hilo la upepo ni kweli kabisa. Viwanja vyetu vya mlimani viko wazi, upepo unapiga upande mmoja, na anayeongoza raundi kumi na mbili na nusu analipa gharama ambayo wa nyuma halipi. Ndio maana mwalimu anayejua kazi anawafundisha wavulana kupokezana, raundi moja wewe raundi moja mimi, mpaka zibaki mbili hivi ndipo kila mtu ajitafutie. Vijana wakipatana hivyo wanaachana na shule nyingine zote. Wasipopatana, kila mmoja anamwogopa mwenzake anakaa nyuma, mbio inakuwa ya pole pole halafu anatokea kijana wa shule ya tatu mwenye spidi ya mita 800 anawafuta wote wawili.

Pili, na hili hamjalitaja, wako walimu wanaopanga. Usiku kabla ya mchujo mwalimu anamwita mmoja, anamwambia wewe vuta, mwenzako amalizie. Anaangalia nani ana spidi ya mwisho, nani ana umri unaokubalika, nani ana makaratasi, na mara nyingine nani mzazi wake anajulikana. Mtoto wa S.3 hawezi kukataa. Kwa hiyo kabla ya kusema K alikuachia, jiulize kama mwalimu wenu aliongea naye.

#7 Bwana Kijiti
Ticha umegusa. Mnakumbuka Tokyo, fainali ya mita 10,000, Julai 2021? Stephen Kissa wetu alichomoka mapema akaacha kundi lote, watu huku Lira tulikuwa tunapiga kelele tukidhani kijana amerukwa na akili. Baadaye akaeleza kwamba ulikuwa mpango, yeye aende mbele mbio iwe ngumu, wale wenye spidi ya mwisho wachoke, Waganda wenzake Cheptegei na Kiplimo wafaidi. Tatizo kundi halikumfuata. Akakimbia peke yake raundi baada ya raundi mpaka akatoka nje ya mbio kabla ya kumaliza. Olimpiki! Mtu amefika Olimpiki na hakumaliza kwa ajili ya wenzake. Sasa nani atasema hapa wakimbiaji hawaachiani?

#8 Rwenzori87
Bwana Kijiti hapo ni timu ya taifa, watu wazima, na kila mtu anajua mpango. Sio sawa na mtoto kumwachia mtoto mwenzake kimya kimya. Halafu pamoja na huo mpango dhahabu ilienda Ethiopia kwa Barega. Cheptegei fedha Kiplimo shaba.

#9 Bwana Kijiti
Na siku chache baadaye Cheptegei akachukua dhahabu ya 5000. Usikate hadithi katikati.

#10 Dada wa Jinja
Mimi si mkimbiaji ila nimelea wakimbiaji wawili, wadogo zangu, wamepishana mwaka mmoja na nusu. Nyinyi wanaume mnaongelea upepo na raundi, hebu ongeleeni nyumbani. Mdogo alipoanza kumshinda mkubwa, mkubwa aliacha kula mezani na sisi. Hakugombana, hakusema neno, alikuwa anachukua posho yake (ugali) anakaa nyuma ya nyumba. Na yule mdogo akaanza kukimbia vibaya, mwalimu akadhani anaumwa. Alikuwa haumwi, alitaka kaka yake arudi mezani. Kwa hiyo mimi naamini kabisa K alifanya makusudi, na naamini pia kwamba hawezi kukuambia, kwa sababu akikuambia atakuwa amekunyang'anya ile basari mara ya pili. Mtoto wa Masaba usimlazimishe.

#11 Arua Barracks
Dada umesema vizuri. Ngoja nitoe yangu.

Mimi nimesoma West Nile, baba askari, shule ilikuwa na viatu vya misumari jozi moja tu vya wavulana, saizi nane. Mimi na mwenzangu wote saizi nane. Yeye 800, mimi 1500, kwa hiyo viatu tulivaliana, yeye akimaliza anavivua pale pale kwenye nyasi ananikabidhi vikiwa bado na joto. Tuligombana vibaya sana mwaka ule kwa mambo ya msichana wa shule ya jirani, hatukuongea karibu muhula mzima. Na hata wakati huo, siku ya mashindano, alikimbia 800 yake, akaja mpaka nilipokaa, akapiga magoti akanifunga kamba za viatu yeye mwenyewe, akaondoka bila kusema kitu. Nilishinda. Hatukuongea tena mpaka likizo. Kwa hiyo nikisikia mtu anauliza ni rafiki au ni mpinzani mimi sielewi swali, alikuwa vyote siku ile ile.

#12 Nesi Elgon
Arua Barracks umenitoa machozi asubuhi yote hii.

Kwa upande wangu kama mhudumu wa afya, mnaruka kitu rahisi. Kijana mwenye malaria ambayo bado haijampandisha homa anaweza kuanza mbio vizuri kabisa, akaongoza, halafu miguu inaisha ghafla, na usoni huoni kitu. Au upungufu wa damu, au amekula maharage saa mbili kabla ya mbio akabanwa na kichomi ubavuni, mabega yanashuka hivyo hivyo unavyosimulia. Boding zetu wanakula saa ngapi siku ya mashindano? Na je, mlikimbilia juu Kapchorwa au mlishuka chini? Vijana wa mlimani wakishuka Mbale kwenye joto la mchana wanapata shida sana.

#13 Mtoto wa Masaba
Nesi asante. Ilikuwa juu, hatukushuka. Chakula tulikula uji na chapati asubuhi basi. K hakuugua wiki ile ninavyojua, ila asubuhi alikuwa amekimbia 1500 na kushika nafasi ya pili.

Ticha, kuhusu mwalimu: usiku kabla ya mchujo niliwaona wamesimama nyuma ya jiko, mwalimu na K, wanaongea. Sikuwahi kulihesabu hilo mpaka umesema.

#14 Rwenzori87
SUBIRI. Amekimbia 1500 asubuhi na 5000 mchana halafu tunajaza uzi mzima hapa na habari za huruma? Kesi imekwisha jamani. Mwanafunzi wa miaka kumi na sita hivi, 1500 ya mchujo ambayo mtu anatoa yote, halafu anaongoza 5000? Huyo ni shujaa, lakini shujaa aliyechoka.

#15 Gemu Ticha Mstaafu
Rwenzori87 haraka haraka. Mwalimu anayemwandikisha kijana 1500 asubuhi, akijua mchana kuna 5000 yenye basari, na mwenzake hamwandikishi 1500, amesharekebisha matokeo kabla ya bunduki kulia. Kwa hiyo uchovu wako na mpango wangu vinaweza kuwa kitu kimoja. Mtoto wa Masaba, wewe 1500 ulikuwa umeandikishwa?

#16 Mtoto wa Masaba
Hapana. Mwalimu alisema nipumzike.

#17 Dada wa Jinja
Eh.

#18 Ng'ambo ya Suam
Hiyo "nipumzike" ni nzito.

Ila nirudi kwa wavulana wenyewe maana walimu tutawasema mpaka kesho. Mimi nafikiri urafiki wa kwenye mbio una kitu ambacho mpira hauna. Kwenye mpira mkishinda mnashinda wote. Kwenye mbio mnaamka pamoja, mnateseka pamoja, mnachekana pamoja, halafu siku yenyewe mstari wa mwisho unamtaka mmoja. Angalieni Kiprotich wenu. Yule alikuwa anafanya mazoezi upande wetu wa Eldoret, na Wakenya. Marathoni ya Olimpiki London 2012 akawa na Wakenya wawili, Abel Kirui na Wilson Kipsang, zimebaki kilomita chache akawaacha wote, 2:08:01, dhahabu Uganda. Sisi tuliumia sana siku ile. Lakini nani alimnoa? Ni sisi.

#19 Bwana Kijiti
Hahaha mnapenda kujipa sifa nyie. Tangu Akii-Bua mwaka 1972 tulikuwa tunasubiri dhahabu nyingine ya Olimpiki, miaka arobaini, imekuja unasema ni yenu.

#20 Ng'ambo ya Suam
Sikusema ni yetu nimesema tulimnoa 😂 Na mwaka uliofuata Moscow akachukua dhahabu ya dunia tena, sitalii tena.

#21 Kijana wa Kween
Wakubwa naomba kuchangia, mimi bado niko S.5 na nakimbia. Huku kwetu kila mtu anasema Kiplimo ndiye alimpita Cheptegei kwenye mbio za nyika za dunia pale Kololo, Kampala, 2017 wakaacha kuelewana, ndio mfano tunapewa na wenzetu kwamba mbio na urafiki haviendi pamoja.

#22 Rwenzori87
Hapana mdogo wangu, hiyo si kweli, mimi nilikuwepo Kololo kwa macho yangu. Siku ile Cheptegei aliongoza mbio za wakubwa, raundi ya mwisho nguvu zikamwisha kabisa, miguu ikawa kama si yake, Kamworor wa Kenya akampita akashinda, na Cheptegei akaishia nafasi ya 30. Kiplimo hakuwa hata kwenye mbio hizo. Alikimbia za vijana chini ya miaka 20 na akashinda, dhahabu. Mwaka 2019 Aarhus Denmark ndio walikutana mbio moja za nyika, Cheptegei wa kwanza, Kiplimo wa pili, na Uganda ikachukua timu pia. Halafu 2023 Bathurst Australia Kiplimo akashinda na Cheptegei akawa wa tatu. Wamekuwa wakipokezana.

Na ndugu zangu mnaosema mtu aliyekufa anaonekana usoni, mngekuwepo Kololo. Alikuwa mbele, tunaimba, tunaruka, na ghafla bila dalili hata moja mtu anatembea. Ndio maana nashikilia neno langu kuhusu K.

#23 Kijana wa Kween
Asante mkubwa. Nitawaambia.

#24 Gemu Ticha Mstaafu
Kijana wa Kween, wewe una mwenzako timuni?

#25 Kijana wa Kween
Ninaye mwalimu. Tunakimbia wote 5000. Ananishinda. Mazoezini ananisubiri kwenye mlima, siku ya mashindano hanisubiri. Mimi naona ni sawa tu, angenisubiri siku ya mashindano ningekasirika. Kinachoniuma ni watu wengine. Darasani wanasema "wewe ni wa pili wa fulani". Yeye mwenyewe hajawahi kusema hivyo hata siku moja. Tatizo halikuanza kwetu, liliingizwa na watazamaji.

#26 Arua Barracks
Huyu kijana ametuzidi wote.

#27 Msafiri TZ
Habari za Uganda. Nimepita tu nikavutwa na mada. Kwa wale mnaosema anayeongoza toka mwanzo lazima afe: Filbert Bayi wetu, Christchurch 1974, Jumuiya ya Madola, mita 1500, aliongoza toka bunduki mpaka mwisho, 3:32.16, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand alimkimbiza mpaka mstarini akapata 3:32.52, naye chini ya rekodi ya zamani. Bayi hakugeuka akapunguza. Kwa hiyo kuongoza peke yake si ushahidi wa kifo, inategemea mtu. Na Walker bila Bayi mbele asingepata muda ule.

#28 Rwenzori87
Mkuu Bayi ni Bayi. Tunaongelea S.3 na chapati moja tumboni.

#29 Msafiri TZ
Haya, hilo nimelipokea.

#30 Mzalendo wa Kampala
Mnaongea urafiki, hamtaki kuongelea mamluki. Shule zinaleta watu wazima wenye ndevu wanavalishwa yunifomu ya S.2. Mimi nilikimbia na "mwanafunzi" ambaye alikuwa na mtoto nyumbani. Urafiki gani hapo? Mvulana halisi wa shule anapoteza nafasi kwa mtu aliyekuja muhula wa michezo tu, mashindano yakiisha hayupo. Wavulana wa kweli wanaanza kutoaminiana, kila anayekimbia vizuri anaulizwa cheti cha kuzaliwa.

#31 Bwana Kijiti
Mzalendo hilo ni kweli na linahitaji uzi wake, lakini usituhamishe hapa.

#32 Mama wa Mabinti Watatu (Bukwo)
Mimi nimesoma toka juu mpaka chini, na nyote mnamjibu mwenye uzi kuhusu yeye. Yeye ameuliza kuhusu watoto. Wavulana wawili hawasalimiani SASA HIVI, wako bweni moja, na wanajua baba zao walikimbia pamoja, maana hadithi hiyo haiwezi kuwa imefichika nyumbani. Inawezekana kabisa mtoto wa K amekua akisikia kwamba baba yake alimwachia mtu basari, na wa mwenye uzi amekua akisikia baba yake alishinda. Sasa kila mmoja anakimbia mbio za baba yake. Mtoto wa Masaba, kwanza, nani alishinda mchujo wa hao watoto?

#33 Mtoto wa Masaba
Mama heshima yako. Alishinda wa K. Wangu alikuwa wa pili, akasema mwenzake alimpiga kiwiko kwenye kona. Wa K anasema hakumgusa. Mwalimu hakuona.

#34 Rwenzori87
Kiwiko kwenye kona ni kitu cha kila siku, watu wanabanana.

#35 Nesi Elgon
Na huenda yule wa kwanza hakujua hata kama amegusa mtu.

#36 Arua Barracks
Au alijua. Tusiwafanye watoto malaika. Mimi nimepigwa viwiko na nimepiga.

#37 Zamani Timuni
Salaam. Nimekuwa msomaji tu hapa lakini leo lazima niandike. Mtoto wa Masaba, kama hii ni shule ninayoidhani na K ndiye ninayemdhani, mimi nilikuwa mwaka mmoja nyuma yenu, na mchujo ule nilipangwa kusimama kona ya mwisho kuzuia watoto wa primari wasivuke mstari wa majivu. Nilikuwa karibu na nyinyi kuliko mtu yeyote.

K hakupunguza. Nilimwona. Alipogeuka hakuwa anakuangalia wewe, alikuwa anaangalia nje, upande wangu, kulikuwa na mzee amesimama na fimbo, nilijua baadaye ni baba yake aliyekuja bila kutarajiwa. Wewe ndio uliongeza. Ulikuja kwa spidi ambayo sikuwahi kuiona kwako mazoezini. Sisi wadogo tuliiongelea bwenini wiki nzima, kwamba ulikuwa unajificha miezi yote ile ukisubiri siku.

#38 Dada wa Jinja
Hee! Baba yake tena?

#39 Mtoto wa Masaba
Zamani Timuni sijui niseme nini. Sikuwa najificha. Naapa sikuwa najificha, nilikuwa nakimbia mazoezini kwa nguvu zangu zote na alikuwa ananishinda. Na baba yake K sikujua kama alikuja. K hajawahi kusema.

#40 Gemu Ticha Mstaafu
Baba ambaye anataka mtoto arudi shambani, amesimama kwenye kona na fimbo. Kijana akishinda anaendelea na shule, akishindwa anarudi nyumbani. Hilo nalo ni la kupima. Lakini pia nimeona vijana ambao baba akitokea uwanjani wanapata mabawa. Sijui kwa K ilikuwa ipi. Na bado mwalimu nyuma ya jiko hajajibiwa.

#41 Ng'ambo ya Suam
Kuhusu kushindwa mazoezini halafu kushinda siku yenyewe: wapo watu hivyo wengi tu. Mazoezini anayekaa nyuma ya rafiki yake kila siku anajifunza jinsi ya kukaa nyuma ya rafiki yake. Anajua lini anavuta pumzi, lini anabadilisha hatua. Miezi yote ile K alikuwa anakufundisha jinsi ya kumshinda K, na hakuna kati yenu aliyejua. Hakuna aliyejificha.

#42 Mama wa Mabinti Watatu
Ng'ambo ya Suam hayo maneno mpelekee huyo mtoto wake.

#43 Mzalendo wa Kampala
Mimi ningemwambia mtoto kitu kimoja: pokezaneni kuongoza. Ticha alisema pale juu. Wakipokezana raundi kwa raundi watalazimika kuongea, hata kama ni "haya, zamu yako". Huwezi kupokezana na mtu usiyemsalimia.

#44 Kijana wa Kween
Hii ni kweli. Sisi tunapokezana, ukimaliza raundi yako unasogea nje kidogo unamgusa mkono. Bila hivyo hamuendi.

#45 Mtoto wa Masaba
Nimempigia K jana usiku. Nimemwambia kuhusu watoto kwanza. Yeye alikuwa hajui kama hawaongei, wa kwake hakumwambia. Akanyamaza kidogo akasema Jumamosi tuende wote shuleni, kuna mazoezi ya mwisho kabla ya mashindano ya kanda, tusimame pamoja watuone.

Halafu nikamuuliza kuhusu baba yake kwenye kona. Akauliza nani amekuambia. Nikamwambia mtu aliyekuwepo. Akasema "mzee alikuja kweli". Nikauliza ndio maana? Akasema, "Wewe ulikimbia vizuri siku ile, mbona hutaki kukubali?" Nikamuuliza mwalimu alikuambia nini nyuma ya jiko. Akasema alimwambia habari za karo ya muhula uliopita. Basi. Akabadilisha maneno, akaanza habari za bei ya viazi.

#46 Dada wa Jinja
"Mbona hutaki kukubali". Mimi nimelisoma hilo mara mbili. Aliyekuachia anaweza kusema hivyo, na aliyeshindwa pia.

#47 Rwenzori87
Aliyeshindwa ndiye anasema hivyo, dada. Mtu amekuambia ulikimbia vizuri, chukua.

#48 Gemu Ticha Mstaafu
Karo ya muhula uliopita kuambiwa usiku kabla ya mchujo! Mwalimu mwenzangu yule alikosa busara hata kama hakupanga kitu. Kijana alilala na deni kichwani. Hiyo peke yake inatosha kumpunguzia mtu hatua kumi.

#49 Rwenzori87
Ticha, hatua kumi za deni, au hatua kumi za 1500 ya asubuhi? Hilo la 1500 bado unalikwepa.

#50 Gemu Ticha Mstaafu
Silikwepi. Nipe muda wa uhakika wa ile 1500 nikujibu. Mtoto wa Masaba, Jumamosi muulize K alikimbia dakika ngapi.

#51 Zamani Timuni
4:09 kama sikosei, saa ilikuwa ya mkono lakini. Na uwanja ulikuwa na mteremko upande wa jiko.

#52 Rwenzori87
4:09 juu Kapchorwa, kwenye nyasi, asubuhi? Na mchana akaongoza 5000? Ticha nakusubiri.